Ninaowasoma

Nsimire, umeniuliza toka Kindu
ninasoma nini siku hizi, na kwa nini
nachelewa kazini.

Basi sikia. Wa kwanza ni Zihalirwa,
fundi wa redio pale Nyawera,
mwenye ubao mweusi usiozidi mlango wa kabati.
Kila asubuhi, kabla ya kufungua kioski,
anaandika hali ya ziwa. Si hali ya hewa: hali ya ziwa.
«Leo Kivu limeamka na uso wa mtu aliyenyimwa salamu.»
Jumatatu: «Limenyamaza. Msilichokoze.»
Siku moja neno moja tu: «Bati.»
Nikageuka pale kwenye mteremko, nikalitazama,
na kweli, bati: jipya, halijaona kutu,
limetandazwa hadi Idjwi.
Nampendea uchache wake. Chaki anainunua mwenyewe,
kipande kwa kipande, kwa hiyo hakuna neno
linalopanda ubaoni bila kulipa nauli.

Wa pili hajui kwamba namsoma.
Mama Cibalonza, Kadutu, muuza sambaza na unga wa muhogo.
Daftari lake la madeni hulala wazi kando ya mizani,
na kwa kuwa majina ya watu humponyoka
huwaandika jinsi alivyowaona:

     Yule wa viatu visivyojuana, vikombe vitatu.
     Mjukuu wa mwenye kikohozi, kimoja, na chumvi.
     Anayesema kesho kabla hajaulizwa, viwili.

Nasoma kichwa chini miguu juu, nikijifanya nachagua samaki.
Nimekaa mtaa ule miaka kumi na minne
na sikuwa nimewaona watu wake.
Mimi mwenyewe nimo. Ukurasa wa mvua za Novemba:
«Anayecheka kwanza ndipo aombe.»
Niliona aibu juma zima.
Halafu mama yetu akafa. Nilipokwenda kulipa
nikakuta mstari umepita juu ya jina langu lile,
na pembeni, kwa kalamu nyingine:
«Huyu hacheki sasa. Basi.»

Sijasoma kitu kifupi kilichonikalia kifuani hivyo.

Kulikuwa na wa tatu.
Mwalimu Namegabe wa Panzi, aliyeandika barua za ndege,
yaani barua kuhusu ndege, nyuma ya karatasi za mitihani,
akazibandika kwa ugali kwenye ukuta wa shule.
Korongo wa Ruzizi. Kunguru mwizi wa sabuni.
Yange aliyemfuata ng'ombe mmoja tu, kama mchumba.
Kuna wakati alichosha. Kurasa mbili juu ya mdomo wa chiriku!
Nilizimaliza.
Tangu Machi ukuta ni mtupu.
Wengine wanasema yuko Uvira, wengine hawasemi.
Ugali umebaki, umekauka, alama za pembe nne nne,
nami bado napitia njia ile
ndefu, ya matope, natazama.

Unauliza faida. Sijui, dada.
Habari zipo: redio inazo, foleni ya maji inazo,
na nyingi ni zile zile, zimebadili koti tu.
Hawa hawaniletei habari. Wananiazima macho,
na mchana kutwa, cherehani ikilia,
nakuwa natafuta neno moja, moja tu,
la kuita buluu ya kitenge cha mteja.

Jambo la mwisho, ucheke.
Juzi nilimpelekea Zihalirwa pakiti nzima ya chaki,
nyeupe na za rangi, zawadi ya msomaji.
Kesho yake ubao ulijaa hadi kwenye fremu:
ziwa lilikuwa malkia, lilikuwa kioo, lilikuwa
sijui machozi ya nani. Mistari kumi na miwili,
yote mibovu.

Niliisoma yote, nimesimama,
mkoba begani, saa imeshapita,
na leo alfajiri nikaenda tena.